Nje ya Marago

(Mazungumzo yaliyosomwa redioni katika kipindi cha ibada ya asubuhi)

Popote mlipo asubuhi hii, ninyi mnaowasha moto jikoni, ninyi mnaongojea gari barabarani, nanyi mliolala kitandani kwa ugonjwa, karibuni tukae pamoja kwa muda huu mfupi. Mwenye Biblia karibu na aifungue katika Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 13 na ya 14. Twajua ya kuwa si sura zinazopendwa. Wengi wetu tukifika hapo huruka mbele. Lakini leo twazihitaji, na mtaona kwa nini.

Katika sura ya 13 Musa anapewa sheria ya mtu mwenye ukoma. Kuhani amtazame, amfungie siku saba, kisha amtazame tena. Akionekana kweli ana ugonjwa huo, akae peke yake nje ya marago, yaani nje ya kambi ya Waisraeli. Sheria hiyo hata mtu asiyesoma Biblia aijua, maana wanadamu huishika bila kufundishwa. Lakini mwanzoni mwa sura ya 14, mstari wa 3, pana neno dogo ambalo twalipita upesi. Tutalirudia baada ya kuwasimulia jambo lililotupata sisi wenyewe.

Mwaka 2020 tulikuwa tukihudumu katika parishi ya mji mdogo ulio kando ya barabara kuu, ile itokayo Mombasa kwenda Malaba. Mnaukumbuka mwaka ule. Tarehe 13 Machi serikali ilitangaza ya kuwa mgonjwa wa kwanza wa Korona amepatikana Kenya. Kabla mwezi haujaisha shule zilikuwa zimefungwa, makanisa yamefungwa, na amri ya kutotoka nje usiku imeanza. Katika kanisa letu alikuwako mama mmoja mwenye kibanda cha sukuma wiki na nyanya karibu na kituo cha magari. Mumewe alikuwa dereva wa lori. Mwezi wa Mei alipimwa mpakani, akaambiwa ana virusi, akazuiliwa huko majuma matatu. Kama alivyotuambia baadaye, hakuumwa ila kichwa kidogo. Akapewa barua ya kuonyesha amepona, akarudi nyumbani ameitia ndani ya mfuko wa nailoni isije ikalowa.

Barua ile haikumfaa kitu. Siku aliyofika, majirani walifunga milango. Watoto wake waliitwa kwa jina la ugonjwa. Mwenye nyumba aliwataka wahame. Na pale kibandani, watu walionunua mboga kwa mama yule miaka tisa walivuka barabara wakanunua kwingine. Mboga zikanyauka, akawatupia mbuzi.

Na kanisa je? Tuseme kweli. Sisi na wazee wa baraza la kanisa tulizungumza jambo hilo kwa simu. Tukasema tuwape muda. Tukasema serikali imekataza mikusanyiko, nasi tu watu wa kutii sheria. Mama tulimpigia simu mara mbili, tukamwombea katika simu, tukamtumia shilingi elfu moja kwa M-Pesa. Mwezi wa Julai makanisa yaliporuhusiwa kufunguliwa tena, watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, asiwepo mtoto aliye chini ya miaka 13 wala mzee aliyepita miaka 58, mama yule alikuja. Viti vilikuwa vimetengwa tayari kwa kipimo. Hata hivyo waliokaa karibu naye waliinuka wakaenda kusimama ukutani. Sisi tulikuwa mbele, twasoma sala. Tuliona. Tuliona, tukaendelea na ibada, maana saa tuliyopewa ilikuwa moja tu.

Hakuja tena.

Ndugu zetu, jambo hilo lilitukaa moyoni kama mwiba. Mwanzoni tulijifariji kwa kusema ya kwamba ni ubaya wa kizazi hiki, chenye simu mkononi na habari za uongo zinazoenea kabla maji hayajachemka. Tukadhani watu wa zamani walikuwa na moyo mwingine. Basi tukaanza kusoma habari za maradhi makuu ya zamani, na faraja ile ikatutoka.

Maradhi yanapoingia, watu humtafuta wa kulaumiwa kabla hawajatafuta dawa. Miaka ya 1348 na 1349 tauni iliua mamilioni ya watu huko Ulaya, na Wayahudi wakasingiziwa kuwa wametia sumu visimani. Katika mji wa Strasbourg, mwezi wa Februari 1349, Wayahudi mamia kwa mamia walichomwa moto, na waliowachoma walikuwa watu waliobatizwa. Papa Klementi wa 6 alikuwa ameandika kuwatetea, akionyesha ya kuwa Wayahudi nao wanakufa kwa tauni ile ile. Wengi hawakutaka kusikia.

Wala tusidhani ni mambo ya Wazungu wa kale tu. Nairobi ilikuwa mji wa miaka mitatu hivi tauni ilipotokea mwaka 1902. Lawama iliwaangukia wafanyabiashara wa Kihindi, na soko lao likateketezwa kwa moto kwa amri ya daktari wa serikali. Panya, ambao viroboto vyao ndivyo viletavyo tauni, hawakuulizwa neno. Na mwaka 2020 hapa kwetu wengi walimnyoshea kidole kila Mchina waliyemwona njiani. Haukupita muda, mwezi wa Aprili, huko Guangzhou, China, Waafrika walifukuzwa katika nyumba walizopanga, wakalala nje na mizigo yao, kwa kudhaniwa kuwa wao ndio wenye ugonjwa. Kisha kidole kikarudi kwetu tena, kikawaangukia madereva wa malori waliokuwa wakituletea ngano na mafuta. Bwana Yesu alipoulizwa habari za watu waliouawa, kama tusomavyo katika Luka 13, aliutaja mnara wa Siloamu uliowaangukia watu 18, akakataa kabisa kusema kuwa hao walikuwa waovu kuliko wenzao. Miaka karibu 2,000 imepita, na somo hilo bado hatujalimaliza.

Lakini maradhi yanayofanana zaidi na yale tuliyoyaona sisi ni homa kali ya mafua ya mwaka 1918. Wataalamu wengi hukadiria ya kuwa iliua watu kati ya milioni 20 na milioni 50 duniani. Vita Kuu ilikuwa haijaisha. Nchi zilizokuwa zikipigana zilizuia magazeti yasiandike habari za ugonjwa, adui asije akajua kwamba askari wao wamelala kambini. Hispania haikuwa vitani. Magazeti yake yaliandika wazi, hata mfalme wao Alfonso alipougua, na malipo yao yakawa ugonjwa kuitwa homa ya Hispania mpaka leo, ingawa hakuna ushahidi wa kuwa ulianzia huko. Mtu aliyesema kweli ndiye aliyebandikwa jina. Yule dereva wetu na barua yake angeelewa neno hili upesi.

Wako waliodharau. Katika mji wa Philadelphia, Marekani, tarehe 28 Septemba 1918, palifanyika gwaride kubwa la kuchangia vita, na watu wapatao 200,000 walisongamana barabarani, ingawa madaktari walikuwa wameonya. Katika majuma yaliyofuata watu zaidi ya 12,000 wa mji ule walikufa. Mwezi wa Januari 1919, huko San Francisco, watu waliunda chama kizima cha kupinga barakoa. Basi mlipowasikia watu mwaka 2020 wakigombana na askari kwa ajili ya kitambaa cha mdomo, yalikuwa ni mambo ya babu zao.

Na kulikuwa na visiwa vya Samoa, mbali sana katika bahari ya Pasifiki. Tarehe 7 Novemba 1918 meli iitwayo Talune, iliyotoka Auckland, New Zealand, ilifika Samoa ya Magharibi, iliyokuwa chini ya utawala wa New Zealand. Ndani yake walikuwamo wagonjwa, nao wakaruhusiwa kushuka. Katika muda wa miezi michache karibu mtu mmoja kati ya kila watano alikufa. Jirani yao, Samoa ya Marekani, gavana aliyeitwa John Poyer alifunga bandari, akaweka walinzi pwani. Huko hakufa hata mtu mmoja kwa homa ile. Watu wa damu moja na lugha moja, bahari ndogo katikati. Mwaka 2002 Waziri Mkuu wa New Zealand, Helen Clark, alikwenda akawaomba Wasamoa radhi, na kosa la meli ile lilikuwa miongoni mwa makosa aliyoyataja. Ilikuwa imepita miaka 84.

Twaeleza habari hii kwa kirefu kidogo kwa sababu wako Wakristo wanaosema kwamba kufunga mlango ni kukosa imani. Hatukubaliani nao. Mlango ukifungwa kwa wakati wake huokoa watu, na Mungu mwenyewe ndiye aliyempa Musa sheria ya kumtenga mgonjwa siku saba. Martin Luther aliulizwa jambo hili tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527. Yeye mwenyewe alibaki mjini akawatunza wagonjwa nyumbani mwake, na bado aliandika kwa ukali juu ya watu wanaokataa dawa na kujiingiza penye maradhi bila sababu, wakidhani wanamheshimu Mungu. Mwaka 2021 chanjo ya Korona ilipoletwa Kenya, wengine walipita wakisema ni alama ya mnyama wa Ufunuo. Twawakumbusha habari za Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia. Yeye ndiye mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida, mwezi wa Oktoba 1977. Alikuwa akifanya kazi hospitalini, na chanjo iliikwepa mikono yake kwa kuogopa maumivu. Akapona. Baadaye alizunguka kwao akiwasihi wazazi wawapeleke watoto wapate chanjo ya polio, akijitoa yeye mwenyewe kuwa mfano wa mtu aliyekosea. Kazi hiyo aliifanya mpaka mwaka aliokufa, 2013.

Sasa turudi mjini kwetu. Palikuwa na mzee mmoja wa kanisa aliyepita miaka 80, hivyo alikuwa haruhusiwi kuingia ibadani mwaka ule. Tulikwenda kumsalimu langoni kwake, kila mtu na barakoa yake, tukiwa tumesimama mbali. Tulizungumza habari za yule dereva, naye akatusimulia habari za baba yake.

Baba yake alikuwa mpagazi katika Vita Kuu ya kwanza, mmoja wa wale waliochukuliwa kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza kwenda kupigana na Wajerumani Tanganyika. Kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps, na kutoka hapo tukapata majina ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Wapagazi wale walikufa kwa maelfu, wengi zaidi kwa kuhara na homa na njaa kuliko kwa risasi. Waliosalia walipoanza kurudi makwao mwishoni mwa mwaka 1918, homa ilikuwa imekwisha kuingia nchini, ikifuata njia ya bandari na ya reli na miguu ya watu waliokuwa wakirudi.

Baba yake mzee yule alifika kijijini na wenzake wanane, wanakohoa. Wazee wa kijiji waliwapokea kabla hawajavuka kijito, wakawaambia wasivuke. Vijana wakajenga kibanda cha nyasi upande ule wa pili, wakakiacha. Na kila siku asubuhi na jioni, bibi yake mzee yule, yaani mama wa mpagazi, alikuja mpaka kijitoni na kibuyu cha uji, akakiweka juu ya jiwe bapa katikati ya maji, akarudi nyuma. Kisha aliita jina la mwanawe. Aliita mpaka aitike. Hakuondoka kabla hajaitika. Akawaita na wale wengine kwa majina yao, mmoja mmoja, mpaka ikafika siku ambayo baadhi ya majina hayakuitikiwa. Wanne walivuka kurudi nyumbani, watano walizikwa ng'ambo.

Mzee alituambia, "Baba alipozeeka hakuwa akisimulia habari ya uji. Alisimulia kusikia jina lake."

Tulipokuwa chuo cha theolojia, katika masomo ya historia ya Kanisa la Uingereza, tulisoma juu ya jiwe lingine, na siku ile pale langoni tulilikumbuka. Kuna kijiji kiitwacho Eyam katika milima ya Derbyshire. Mwezi wa Septemba 1665 tauni iliingia pale, na husemekana ilikuja na nguo za fundi cherehani zilizotoka London. Kasisi wa pale alikuwa kijana wa miaka isiyofika 30, jina lake William Mompesson. Hakupendwa. Watu walimpenda zaidi mchungaji wa kwanza, Thomas Stanley, aliyeondolewa kwa kukataa kufuata sheria mpya za ibada. Wawili hao hawakuwa marafiki, wala hatuoni sababu ya kudhani walikuwa. Lakini mwezi wa Juni 1666 walisimama pamoja mbele ya watu, wakawaomba jambo zito: mtu yeyote asitoke kijijini, ili tauni isienee katika nchi yote. Watu wakakubali.

Kanisa lilifungwa, wakasali nje katika bonde, kila jamaa wametengana na wenzao. Kila nyumba ilizika wafu wake. Mwanamke mmoja, Elizabeth Hancock, alimzika mume na watoto sita kwa muda wa siku nane. Mkewe Mompesson, Catherine, ambaye alikuwa akizunguka na mumewe kuwatazama wagonjwa, alikufa mwezi wa Agosti. Jumla ya waliokufa ni kama watu 260. Na mpakani mwa kijiji palikuwa na jiwe lenye matundu. Watu wa Eyam walitia fedha zao katika siki ndani ya matundu yale, wakaondoka. Watu wa vijiji vya jirani wakaja na chakula, wakakiweka, wakachukua fedha. Jiwe lile liko hata leo.

Wasikilizaji, hatumfanyi Mompesson kuwa malaika. Watoto wake wawili alikuwa amewapeleka mbali kabla kijiji hakijafungwa, jambo ambalo wazazi wengi wa pale hawakuweza kulifanya. Na husimuliwa kwamba alipohamishiwa parishi nyingine, Eakring, miaka michache baadaye, watu wa huko walimwogopa, wakakataa asikae kijijini, akakaa kwanza katika kibanda msituni. Yeye naye alikuwa amepona. Yeye naye, kama yule dereva, alirudi na afya yake, akakuta milango imefungwa. Na hao waliomfungia walikuwa washarika wake.

Hata hapa kwetu, zamani za ndui, katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mgonjwa alijengewa kibanda mbali na watu, na aliyeteuliwa kumpelekea chakula alikuwa mtu mwenye makovu, aliyekwisha kuugua akapona, kwa maana walijua hataugua tena. Wazee wetu hawakuwa na darubini. Lakini walijua kumtenga mgonjwa, na walijua ya kuwa lazima awepo mtu wa kwenda.

Ndilo neno lile la Walawi 14, mstari wa 3. Tazameni vizuri ni nani anayetembea. Mgonjwa yuko nje, haruhusiwi kuingia. Anayetakiwa kuondoka mahali pake ni kuhani. Aende nje ya marago, amtazame mtu yule kwa macho yake, na akiwa amepona aanze kazi ya kumrudisha. Miaka mingi tulisoma sura hizi tukidhani ni sheria za mgonjwa. Nusu yake ni sheria za mchungaji. Na katika Marko sura ya kwanza Bwana Yesu alimgusa mwenye ukoma, mtu akarudi mjini akiitangaza habari, na mwisho wake ni Yesu aliyebaki nje mahali pasipo watu, kwa sababu hakuweza tena kuingia mjini waziwazi. Walibadilishana mahali.

Tuliofika umri wa miaka arobaini na zaidi tuliwahi kuona jambo hili likiharibika kabla ya Korona. Ukimwi uligunduliwa Kenya mwaka 1984, na ni mwaka 1999 tu Rais Moi alipoutangaza kuwa janga la taifa. Katikati ya miaka hiyo tulikuwa watoto na vijana. Twakumbuka matanga ya kila Jumamosi. Twakumbuka matangazo ya vifo yaliyosema marehemu aliugua kwa muda mrefu, na kila mtu akajua. Twakumbuka nyumba ambamo mgonjwa alikuwa na kikombe chake, sahani yake na mkeka wake, na mabaki ya chakula chake walitupiwa kuku. Ugonjwa ule hauambukizwi kwa sahani. Kumtenga mtu hakukuwa na faida hata kidogo, nasi tulimtenga; na mahubiri mengi ya siku zile yalimtenga zaidi. Mwaka 1992 kasisi mmoja wa Kianglikana wa Uganda, Gideon Byamugisha, alisema hadharani ya kuwa ana virusi vya Ukimwi, wakati ambapo hakuna kiongozi mwingine wa dini katika Afrika aliyethubutu. Yeye hakuhitaji kutoka kwenda nje ya marago. Alikuwa tayari huko, akaita kutoka upande ule.

Tukilinganisha basi, Korona ilitaka tukae mbali, na Ukimwi haukutaka. Lakini mlango tulioufunga ulikuwa mmoja. Mwaka 1918 mama yule wa kijitoni hakuwa na simu, wala daktari, wala tangazo la Wizara ya Afya kila alasiri. Alikuwa na sauti. Sisi tulikuwa na simu, tukaitumia, tukaona imetosha.

Mwezi wa Novemba 2020 tulikwenda. Tulikuwa watu watatu, sisi na wazee wawili wa baraza. Tulimkuta mzee yule wa miaka 80 amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hatua kadhaa kutoka kibandani. Kumbe alikuwa akija kila siku jioni kununua sukuma wiki, tangu Juni. Nyumbani kwake wako watu wawili tu, na wote wawili mboga hizo wamezichoka, lakini alinunua. Alipotuona akacheka, akasema, "Mimi kanisani nimekatazwa, Mchungaji. Hapa hawajanikataza."

Mama alitukaribisha kwa adabu. Akauliza, "Mmekuja kununua au kuomba?"

Tukasema yote mawili.

"Basi anzeni na kununua."

Tukanunua mafungu sita. Hakutupunguzia hata shilingi. Kisha tukamwambia yaliyotuleta, ya kuwa tulimwona siku ile kanisani na hatukufanya neno, na kwamba twaomba msamaha. Alinyamaza. Akaja mteja, akamhudumia, akahesabu chenji polepole. Halafu akasema, "Simu mlipiga, asanteni. Nilijibu nikiwa ndani, hakuna aliyesikia. Mngesimama pale barabarani mkaniita tu, majirani wakasikia kanisa linaniita kwa jina langu."

Tulisimama barabarani, tukamwita. Ilikuwa imechelewa miezi mitano, na watu waliokuwa wakipanda matatu walitushangaa.

Hakurudi katika kanisa letu. Alikuwa amepata pa kusali, kwa ndugu wa kanisa jingine ambao walikuwa wamekuja mapema kuliko sisi, nasi hatukumsihi awaache. Mumewe amerudi barabarani na lori lake. Mpaka tulipohamishwa parishi ile mwaka 2022 tulinunua mboga pale kila Jumamosi, na mwezi wa mwisho alianza kutuongezea nyanya moja.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemgusa mwenye ukoma ukabaki nje badala yake, uwakumbuke asubuhi hii walio nje ya marago, katika wadi za watu waliotengwa, katika vyumba vya nyuma, na nyuma ya malango ambayo hakuna anayeyabisha. Uwaite kwa majina yao. Na utusamehe sisi tuliopiga simu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.